Basi la Kahama–Kigali: gari zuri, tiketi isiyosema saa ya wapi

Nyota tatu kati ya tano. Gari lenyewe ni zuri, dereva makini, mzigo unafika salama. Nyota mbili nimezizuia kwa sababu moja tu, nayo ni tiketi. Saa iliyoandikwa pale haielezi ni ya nchi gani, na njia hii inatoka Tanzania kwenda Rwanda, nchi ambazo saa zake zimepishana kwa saa nzima. Jina la kampuni sitalitaja. Shida hii nimeikuta kwa zaidi ya kampuni moja, na ninachotaka ni wote wajirekebishe, si mmoja anyooshewe kidole.

Mimi nafanya biashara ya mchele Kahama. Mchele unatangulia kwa lori, nami nafuata kwa basi kuhakiki magunia, kukusanya pesa na kuchukua oda kwa wateja wangu wa Nyabugogo na Kimironko, mjini Kigali. Basi hili nalijua kwenda na kurudi, masika na kiangazi, na nauli nalipa kwa pesa yangu mwenyewe.

Nianze na mazuri, maana wanastahili. Siti ni mbili kwa mbili, pana, na ukiilaza humbani aliye nyuma yako. Pa kuchajia simu papo kila siti na panafanya kazi, hata kule nyuma kabisa. Mzigo wa kwenye buti unafungwa namba, nusu ya namba unabaki nayo mkononi, na ukishuka hupewi begi mpaka uionyeshe. Niliwahi kumwona kondakta akimzuia abiria aliyepoteza namba mpaka akaeleza kilichomo ndani ya begi, likafunguliwa mbele ya watu, ndipo akakabidhiwa. Baadhi walinung'unika. Mimi nilimshukuru, kwa sababu siku nyingine begi hilo lingekuwa langu, na ndani yake pana daftari la madeni.

Madereva ni wawili na wanapokezana. Kipande cha kuanzia Lusahunga kwenda Benaco kina milima na malori ya transit yamefuatana, na sijawahi kuona dereva wao akijaribu kuyapita kwenye kona. Nyakanazi wanasimama kwa supu na chapati, muda unatosha kula na kwenda msalani bila kupigiwa honi. Muziki wanapunguza wakiombwa. Hayo yote ni nyota tano bila ubishi.

Sasa tiketi.

Ukinunulia Kahama hakuna tatizo, saa iliyoandikwa ni ya Kahama na basi linaondokea Kahama. Tatizo ni tiketi ya kurudi inayokatwa Kigali. Mashine yao inasoma saa ya Tanzania popote ilipo. Basi linaondoka stendi ya Nyabugogo saa 11 na nusu alfajiri kwa saa ya Rwanda, lakini karatasi inatoka imeandikwa 06:30, maana kwa Tanzania wakati huo ni saa 12 na nusu. Hakuna neno Tanzania, hakuna neno Rwanda, hakuna chochote pembeni ya hiyo namba. Ukikutana na mkatisha tiketi mwenye moyo, atachukua kalamu akuandikie juu yake. Ukimkuta ana foleni ndefu, hakuandikii. Na anayenunuliwa tiketi na ndugu yake aliye Tanzania, kisha akatumiwa picha kwenye simu, huyo hana wa kumwambia lolote.

Safari moja tulikuwa tumeshapita Kabuga, gari limetulia, watu wanasinzia, simu ya kondakta ikaita. Nilikuwa siti ya mbele, nikasikia kila kitu. Alikuwa binti anayesoma chuo Kigali, kwao Ngara.

"Kaka, niko stendi, naambiwa mmeondoka!"

"Tumeondoka, mdogo wangu, tena kitambo."

"Tiketi yangu inasema saa kumi na mbili na nusu. Hivi sasa ni kumi na mbili na robo. Mmeondokaje?"

"Hiyo ni saa ya Tanzania. Kwa saa ya hapa gari linaondoka kumi na moja na nusu."

Binti akanyamaza. Kisha akasema, sauti imeshaanza kukatika: "Mimi niko Kigali, kaka. Saa ya Tanzania nitaiangalia ya nini?"

Kondakta hakuwa na jibu, na kwa kweli hakuna mtu ambaye angekuwa nalo. Mzee mmoja Mnyarwanda aliyekaa ng'ambo ya njia alisema kwa Kiswahili, "Mtoto ana haki." Dereva, namsifu hapa, akaamua tutamsubiri Kayonza. Binti akapanda koasta kwa nauli nyingine kutoka mfukoni mwake. Tulikaa Kayonza karibu saa nzima, gari limezimwa, wengine wanalalamika kuwa wana watu wanaowasubiri. Alipofika macho yalikuwa mekundu. Mama wa siti ya pili akamsogezea nafasi akae karibu naye, akampa maji. Hakuna aliyemlaumu tena baada ya kumwona.

Nilipofika Kahama nilikwenda ofisini kwao nikaeleza. Niliyemkuta alinisikiliza kwa adabu, akaniambia mfumo ndivyo ulivyo. Mfumo si mvua. Umetengenezwa na watu, na mtu anaweza kuongeza maneno mawili karibu na saa.

Inaniuma zaidi nikifikiria jinsi mpaka wenyewe ulivyopangwa vizuri. Rusumo tangu mwaka 2016 ina kituo cha pamoja. Ukienda Rwanda unavuka daraja la Mto Kagera, unashuka mara moja upande wa Rwanda, na ndani ya jengo moja unakuta dirisha la Tanzania la kugonga muhuri wa kutoka na dirisha la Rwanda la kugonga muhuri wa kuingia. Hatua chache, umemaliza. Lakini kati ya madirisha hayo mawili kuna saa nzima. Simu ndizo za kwanza kuchanganyikiwa, kwa sababu kwenye vile vilima zinashika mnara wa huku, mara wa kule. Unaweza kusimama foleni ukaona saa 6 mchana, ukainua macho kumjibu afisa, ukirudi kuangalia ni saa 5. Kengele uliyoitegesha ikulie saa fulani inalia mara mbili, au inakurupusha kabla ya wakati.

Dereva mmoja wa lori aliwahi kunionyesha pasipoti yake. Alivuka usiku, katika ile saa moja ambayo Tanzania imeshaingia siku mpya na Rwanda bado iko jana. Kwa mihuri yake, aliingia Rwanda tarehe 14 akatoka Tanzania tarehe 15. Alikuwa anaitunza kwa makini ili kila afisa atakayeifungua aelezwe mapema.

Sasa angalieni jambo la pili linalobadilika pale pale darajani. Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda wanaendesha kulia. Kwa hilo kuna vibao, kuna mishale imechorwa barabarani, na hakuna dereva anayevuka bila kuelekezwa ahame upande. Kila mmoja anaelewa kwamba asipoelekezwa watu watakufa, kwa hiyo kazi imefanyika. Hakuna aliyesema nchi moja iache upande wake ndipo mabasi yapite. Waliweka alama. Kwenye saa hakuna aliyeweka alama yoyote, wala serikali, wala kampuni.

Siku ile tukiwa Kayonza tunamsubiri binti, maneno yakahamia kwenye saa yenyewe. Kijana anayeuza simu Mwanza akasema suluhisho ni moja: Rwanda na Burundi wahamie saa yetu, sote ni Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa nini jumuiya moja iwe na saa tofauti? Abiria mwingine, mtu wa Kasulu, akasema kinyume chake. Kwa maoni yake Kigoma na Kagera ndizo zihamie saa ya Kigali na Bujumbura, kwa sababu jua la kule ni moja. Nimeyafikiria maneno yao tangu siku ile, tena kwa kuhesabu, na nitaeleza ninavyoona mimi.

Dunia inajizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, au dakika nne kwa kila nyuzi moja. Saa yetu ya Tanzania, Kenya na Uganda inafuata nyuzi 45 mashariki. Mstari huo haugusi Tanzania hata kidogo, unapita Somalia karibu na Mogadishu. Saa ya Rwanda inafuata nyuzi 30, na Kigali imekaa karibu kabisa na mstari huo. Ndiyo maana Kigali jua linachomoza kwenye saa 12 asubuhi na kuzama kwenye saa 12 jioni mwaka mzima, likipishana kwa dakika chache tu. Wanyarwanda nao wanahesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza, na kwao hesabu hiyo inakaa sawasawa. Mtu wa Kasulu hakukosea, ule mstari wa nyuzi 30 unapita kwao pia. Kati ya Mtwara na Kigoma jua linachelewa kwa zaidi ya dakika 40, na wote wanatazama saa ileile. Anayefunga Ramadhani Kigoma analijua hili bila ramani: Dar es Salaam wameshakunywa uji wa futari, yeye bado anasubiri.

Kwa hiyo Rwanda wakihamia saa yetu, watakachopata ni giza la asubuhi. Mtoto wa Kigali atakuwa anaamka saa 12 na nje hakuonekani kitu. Kumwomba jirani aache saa inayolingana na jua lake, achukue ya kwetu isiyolingana hata na jua letu, ili tu mimi na mashine ya tiketi tupumzike, hilo siwezi kuliunga mkono.

Na Kagera na Kigoma kuhama? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu hoja ya jua ni ya kweli. Lakini utachora wapi mstari? Ukiuweka mwisho wa Kagera, shida ya Rusumo haifutiki, inahamia Nyakanazi. Mimi wa Kahama nitakuwa na saa mbili ndani ya nchi yangu mwenyewe. Geita je, ibaki huku au iende kule? Mtihani wa darasa la saba unaoanza wakati mmoja nchi nzima utaanza saa ngapi Biharamulo? Kongo wanaishi hivyo, mashariki iko saa moja mbele ya Kinshasa, lakini nchi ile ni pana mno na haina namna nyingine. Bukavu ikifika saa 3 asubuhi, Kinshasa ndiyo kwanza saa 2. Anayetaka jibu la makao makuu anakaa kusubiri. Sisi hatujafika huko.

Pale Kayonza alikuwepo pia dereva wa lori aliyekuwa anarudi nyumbani kwa basi, mtu aliyewahi kupeleka mizigo Juba. Alitukumbusha kwamba Sudan Kusini ilirudisha saa yake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021. Kabla ya hapo ilikuwa na saa ileile ya Uganda. Jua la Juba sasa linalingana na saa, hilo ni jema kwa mtu wa Juba, ila madereva wanaovuka Nimule, mpakani na Uganda, wakaanza kupata yale tunayopata sisi Rusumo. Sudan yenyewe, ile ya Khartoum, ilisogeza saa mbele mwaka 2000, ikairudisha mwaka 2017. Miaka 17 ya kuamka gizani, kisha wakarudi walipotoka. Kenya enzi za mkoloni iliwahi kuwa na saa iliyotangulia ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, robo saa pungufu ya sasa. Saa ni makubaliano ya watu, inaweza kubadilishwa, na imebadilishwa mara nyingi. Kila mara aliyebadilisha alipunguza tatizo la mtu mmoja akaliongeza kwa mwingine.

Hadi hapo ningeweza kuishia kwenye tiketi. Ila kuna jambo naliona kila nikienda Kigali, na ndilo lililonifanya niandike tathmini ndefu hivi ya basi.

Tunaondoka Kahama saa 10 alfajiri. Tukikaribia Runzewe ni saa 12 asubuhi, na mwezi wa saba saa 12 pale ni usiku kamili, jua linachomoza saa 1. Taa za basi zinamulika pembeni ya lami, na pembeni hapo kuna watoto. Wanatembea wawili wawili, watatu watatu, sare zao, fagio mkononi, dumu la maji kichwani au linabebwa na wawili kwa kijiti. Wanawahi namba, ile anayopewa mwanafunzi kwa mpangilio wa kufika shuleni. Kila aliyesoma Tanzania anajua maana yake: ukichelewa namba kuna adhabu, kwa hiyo unatoka nyumbani mapema kuliko unavyohitaji. Mkubwa wao anaweza kuwa darasa la sita, mdogo hata saba hajafikisha. Lori la transit linakuja mbele, basi linakuja nyuma, na mtoto anasogea kwenye majani mpaka vyote vipite, kisha anarudi kwenye lami kwa sababu majani yana umande na kiatu ni hicho kimoja.

Mara nyingi siti yangu ni ya mbele, kwa hiyo nawaona kabla dereva hajapunguza mwendo. Moyo unanidunda kila safari. Naye dereva anawaona, anapunguza, lakini mimi sijui wa lori linalofuata ana usingizi kiasi gani.

Ukivuka Rusumo unakuta jambo jingine. Watoto wa Kirehe na Ngoma wanakwenda shule kumepambazuka, kweupe. Sehemu ya sababu ni saa yao inayofuata jua. Sehemu nyingine ni uamuzi: kuanzia Januari 2023 Rwanda iliweka masomo yaanze saa 2 na nusu asubuhi na kazi za ofisini zianze saa 3. Hawakugusa saa ya nchi. Waligusa ratiba. Nchi ambayo jua lake linatoka saa 12 iliona watoto wake waanze saa 2 na nusu, na sisi ambao upande wa magharibi jua letu linatoka saa 1 tunataka watoto wawe mstarini saa 1 na nusu na fagio zao zimeshamaliza kazi.

Basi hii ndiyo rai yangu kwa wanaobishana kuhusu saa. Kagera, Kigoma, Geita na sisi wa Kahama tubaki na saa ya Tanzania. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku iwe saa 2 usiku kwa wote, benki ya Ngara ifunge pamoja na ya Dar es Salaam, mtihani wa taifa uanze pamoja. Ila ratiba ya shule za msingi katika mikoa hii isogezwe mbele kwa nusu saa au saa nzima, na hili la kuwahi namba gizani likomeshwe kabisa. Jambo hilo linaweza kuamuliwa bila kumuuliza Mnyarwanda wala Mrundi, bila kubadilisha mashine hata moja. Anayetaka kuhamisha saa ya mkoa mzima anatafuta kazi kubwa ya nchi mbili, wakati watoto wanahitaji kazi ndogo ya mkoa mmoja. Wakuu wa mikoa wasafiri siku moja na basi hili wakae siti ya mbele, waone wanachokiona madereva.

Nirudi kwa kampuni. Ninayoomba ni machache. Tiketi iandikwe saa zote mbili: Kigali 05:30, Tanzania 06:30. Pembeni iandikwe kwa Kiswahili, saa 11 na nusu alfajiri ya Rwanda, kwa sababu namba za mashine na namba za midomo yetu hazifanani, na abiria mwingine atasoma 05:30 akaiita saa tano na nusu. Abiria wa Kigali apigiwe simu au apelekewe ujumbe jioni ya kuamkia safari, kwa saa ya pale alipo. Na kondakta wakati wa kufika Rusumo atangaze, kama anavyotangaza kushuka na vitambulisho, kwamba saa sasa ni za kurudisha nyuma, au za kusogeza mbele kama tunarudi. Ana kipaza sauti, anakitumia kuuza maji.

Kwa wasafiri wenzangu, hasa wafanyabiashara, kuna mambo ya kupanga. Kwenda Kigali unapata saa moja ya bure, na ni msaada mkubwa: ukitoka Rusumo saa 6 mchana ya kwetu, Rwanda ni saa 5, unafika Kigali maduka yangali wazi na unaweza kumkuta mteja siku hiyo hiyo. Kurudi ni kinyume chake, saa moja inaliwa pale mpakani, na gari likichelewa kidogo utaingia Kahama usiku. Panga wa kukupokea. Kupiga simu nako kuna adabu yake. Wateja wangu nilikuwa nawapigia saa 1 asubuhi kabla sijafungua ghala, mpaka mmoja akaniambia kwa upole, "Mama, kwetu ni saa kumi na mbili, mke wangu anauliza huyu ni nani." Sasa simu inaanza saa 3 ya kwetu.

Katika simu yako zima ile sehemu ya saa kujirekebisha yenyewe ukiwa karibu na mpaka, uiweke kwa mkono ukishafika. Ukilala Rusumo au Benaco kungoja gari, uliza mhudumu wa gesti saa anazokutajia ni za wapi, kwa sababu upande wa Tanzania wapo wanaokwenda kwa saa ya Rwanda kutokana na wateja wao. Pale mkatisha tiketi wa Nyabugogo mwambie akuandikie kwa kalamu, hata kama kuna foleni nyuma yako. Simama hapo hapo mpaka aandike.

La mwisho ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hiyo ni siku ya Umuganda, watu wanatoka kufanya usafi na kazi za pamoja, na kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi kwa saa ya Rwanda shughuli zinasimama, maduka yanafungwa na magari hayatembei hovyo. Kwa saa ya Tanzania hiyo ni saa 3 hadi saa 6 mchana. Basi la alfajiri linakuwa limeshatoka mjini, lakini ukilikosa kwa sababu ya ile 06:30, siku hiyo hutapata koasta ya kukukimbiza Kayonza. Kata tiketi ya Ijumaa.

Gari, nyota tano. Wahudumu wa safarini, nyota tano. Tiketi na ofisi, nyota moja. Kwa jumla nimewapa tatu, na nitaendelea kupanda kwa sababu madereva wao wanapunguza mwendo pale Runzewe.